Huddleston: Askofu wa Masasi aliyewafungia Makaburu viwanja

NOVEMBA 10, 1991, Uwanja wa Eden Gardens katika jiji la Calcutta, India, ulifurika. Watu wanaokaribia 100,000 walijazana kutazama mechi ya kriketi kati ya India na Afrika Kusini. Kwa shabiki wa soka asiyeijua kriketi, picha ya haraka ni hii: chukua nyomi la Simba na Yanga pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, kisha ongeza watu wengine zaidi ya nusu yake.

India ilishinda kwa wiketi 3, licha ya Allan Donald wa Afrika Kusini kuwatoa wapigaji watano wa wenyeji peke yake. Lakini siku hiyo matokeo hayakuwa habari kubwa. Habari ilikuwa kwamba Afrika Kusini imeingia uwanjani. Mara ya mwisho kucheza mechi rasmi ya kimataifa ya kriketi ilikuwa Machi 1970. Miaka 21 ilikuwa imepita. Na dhidi ya India ilikuwa haijawahi kucheza hata mara moja, kwa sababu Makaburu walikuwa wakicheza na nchi za Wazungu wenzao tu: England, Australia na New Zealand.

Mlango huo uliofunguliwa Calcutta ulifungwa na watu wengi, katika nchi nyingi. Ila ukitafuta wale wa mwanzo kabisa walioona kwamba uwanja wa michezo unaweza kuwa silaha, utafika kwa padri mmoja mrefu, Mwingereza, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu huku kwetu Kusini, kwenye mikorosho ya Masasi na Newala. Jina lake Trevor Huddleston.

MTOTO WA OFISA WA INDIA

Huddleston alizaliwa Juni 15, 1913, mjini Bedford, Uingereza. India ilikuwemo kwenye maisha yake tangu mwanzo. Baba yake, Ernest, alikuwa ofisa wa jeshi la majini la India enzi hizo Mwingereza akitawala, hivyo mtoto alikua akimuona baba kwa nadra sana.

Alisoma Lancing, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Hizo ni shule za wakubwa, ambako kriketi ni sehemu ya malezi ya kijana. Angeweza kufuata njia ya baba yake na kwenda kuitumikia himaya. Badala yake aliingia upadri wa Kianglikana, na mwaka 1939 akajiunga na shirika la watawa la Ufufuo lenye makao yake Mirfield, kaskazini mwa England. Mwaka 1943 shirika likamtuma Johannesburg.

Alipangiwa Sophiatown na Orlando, vitongoji vya watu weusi. Jina la Orlando wapenzi wa soka wanalijua vizuri. Ndiko ilikozaliwa Orlando Pirates mwaka 1937, miaka sita kabla padri huyu hajafika.

Desmond Tutu alikuwa mtoto pale alipomuona Mzungu aliyevaa kanzu akimvulia kofia mama yake, mwanamke mweusi aliyekuwa mpishi. Tutu hakuwahi kulisahau jambo hilo. Katika nchi ile, Mzungu kumpa heshima mpishi mweusi lilikuwa tukio. Mzungu huyo alikuwa Huddleston.

Mwaka 1948 chama cha Makaburu kilishinda uchaguzi na ubaguzi wa rangi ukawa sheria moja baada ya nyingine. Mwaka uliofuata Huddleston alikabidhiwa pia usimamizi wa Shule ya Mtakatifu Petro kule Rosettenville, shule aliyosoma na kufundisha Oliver Tambo. Serikali ilipopitisha sheria ya elimu ya kibaguzi mwaka 1953, ya kuwapa watoto weusi elimu ya kuwaandaa kuwa vibarua, mtawa huyo aliona ni bora shule ifungwe kuliko kuikabidhi. Na ikafungwa.

UWANJA WA MPIRA WA KLIPTOWN

Februari 9, 1955, maelfu ya askari waliingia Sophiatown kuwahamisha watu kwa nguvu kwenda Meadowlands. Nyumba zikabomolewa. Huddleston alikuwa ameipinga hatua hiyo kwa miaka, kwenye mikutano na magazetini, lakini malori yalikuja tu.

Miezi minne baadaye, Juni 1955, wajumbe karibu 3,000 kutoka kila pembe ya nchi walikutana Kliptown kupitisha Hati ya Uhuru. Hawakuwa na ukumbi wa kuwatosha. Walikutana kwenye uwanja wa mpira, uwanja wa vumbi tupu. Na pale uwanjani chama cha ANC kilitoa kwa mara ya kwanza nishani yake ya juu kabisa, Isitwalandwe. Ilitolewa kwa watu watatu: Chifu Albert Luthuli, Dk. Yusuf Dadoo na Padri Trevor Huddleston. Luthuli na Dadoo walikuwa wamezuiwa na serikali kufika, kwa hiyo padri ndiye aliyekuwepo kuipokea mwenyewe.

Kufikia hapo Huddleston alikuwa amekata shauri. Kuhubiri peke yake hakutoshi. Mwaka 1954 aliandika kwenye gazeti moja la London akitaka wasanii wa nje wasiende kutumbuiza Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye, kwenye kitabu chake kilichouzwa sana duniani, Naught for Your Comfort, alilipeleka wazo hilo kwenye michezo.

Hoja yake ilikuwa nyepesi, ya mtu anayewajua wapenzi wa michezo. Makaburu walikuwa hodari kwenye raga na kriketi, na walijivunia hilo kuliko kitu kingine. Basi, waguse hapohapo. Mtu anaweza kuvumilia kulaumiwa na Umoja wa Mataifa mwaka hadi mwaka, lakini akinyimwa mechi atauma meno.

Soka la Afrika lilionyesha njia mapema. Mwaka 1957, CAF ilipoandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la kwanza kule Khartoum, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi nne waanzilishi. Ilitaka kupeleka timu ya Wazungu watupu au ya weusi watupu, mchanganyiko hapana. Ikaambiwa ikae nyumbani. Sudan, Misri na Ethiopia zikacheza zenyewe.

HOLBORN NA NYERERE

Mwanzoni mwa 1956 shirika lilimwita Huddleston arudi Uingereza. Aliondoka Johannesburg kwa uchungu mkubwa. Lakini kule London mapambano hayakuisha.

Juni 26, 1959, ulifanyika mkutano kwenye ukumbi wa Holborn kuzindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Miongoni mwa wasemaji walikuwa wawili ambao njia zao zingekutana tena: Padri Huddleston, na kiongozi wa TANU kutoka Tanganyika, Julius Nyerere. Kampeni ile ndiyo iliyozaa, mwaka 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, lile vuguvugu kubwa la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi.

Mwaka huohuo wa 1960, Kanisa la Anglikana likamteua Huddleston kuwa Askofu wa Masasi.

MASASI NA NEWALA

Kutoka jiji la dhahabu hadi Masasi ilikuwa safari ya kwenda dunia nyingine. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar wakajenga chini ya vile vilima vya mawe. Mwaka 1882 Wangoni waliishambulia, na wamisionari wakahamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali unaposimama ukingoni na kuliona bonde la Ruvuma likikatika chini yako.

Mpira nao ulikuwa na njia ya kufika huko. Walimu wa misheni walikuwa wakisomea Kiungani, Zanzibar, shule ambayo vijana wake walicheza soka na kriketi tangu karne ya 19, kabla klabu zetu kongwe hazijafikiriwa.

Askofu mpya alikuta dayosisi yenye watu wengi na fedha kiduchu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa eneo hilo waliishi kwa muhogo, mtama na korosho. Newala ilikuwa na shida kubwa ya maji. Uwanda ule hauna mito, na kwa miaka mingi kina mama walikuwa wakishuka mabondeni kuchota na kupanda tena na ndoo kichwani. Karibu yake, Nachingwea, palikuwa na mabaki ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioteketeza mamilioni ya pauni na kufa mapema miaka ya 1950.

Huddleston alijifunza Kiswahili. Alizunguka vijijini kwenye barabara ambazo masika zilikuwa hazipitiki, na alikwenda mara kwa mara nje ya nchi kutafuta fedha za hospitali na shule za dayosisi, kama Mkomaindo pale Masasi na Chidya. Aliyezoea kuhutubia maelfu London sasa alikuwa akihangaikia dawa na madawati.

Kilichomfurahisha ni wakati aliofika. Desemba 9, 1961, Tanganyika ikawa huru, na askofu alikuwa upande wa Nyerere waziwazi. Miezi michache kabla, Nyerere alikuwa ameonya kwamba Tanganyika haitajiunga na Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini itabaki humo. Afrika Kusini ikajitoa. Silaha ileile ya kumtenga mbaguzi ilikuwa imefanya kazi mezani, kabla haijamaliza kazi uwanjani.

Na vita ilimfuata. Septemba 1964 Frelimo ilianza mapambano ya silaha dhidi ya Wareno ng'ambo ya Ruvuma, na wakimbizi wakavuka mto kuingia kwa ndugu zao wa uwanda wa Makonde. Wapiganaji walipata mafunzo Nachingwea. Yaani askofu aliyeondoka Johannesburg akidhani ameacha mapambano nyuma alijikuta anaishi jirani na mstari wa mbele.

Mwaka 1967 lilipotoka Azimio la Arusha, aliliunga mkono wakati viongozi wengi wa makanisa ya nje wakilitazama kwa wasiwasi. Na mwaka 1968 alifanya alichokuwa akikisema siku zote, kwamba kanisa la Afrika liongozwe na Waafrika. Aliachia kiti, akampisha Mtanzania, Hilary Chisonga. Miaka minane ya Masasi ikaisha.

MECHI ILIYOZUIWA LORD'S

Wakati Huddleston yuko Masasi, viwanja vilikuwa vikianza kufungwa, japo kwa kusuasua. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961. Mwaka 1963 rais wa FIFA, Stanley Rous wa England, akaifungulia. Afrika Kusini ikaja na mpango wake: Kombe la Dunia la 1966 itapeleka timu ya Wazungu, na la 1970 itapeleka timu ya weusi. Waafrika wakagoma. Mwaka 1964, kwenye mkutano wa FIFA Tokyo, ikasimamishwa tena, na mwaka huohuo ikazuiwa kwenye Olimpiki.

Kriketi ndiyo iliyobaki ngumu, kwa kuwa ilishikwa na marafiki wa zamani. Mwaka aliorudi London Huddleston, 1968, ndipo mambo yalipolipuka. Basil D'Oliveira, machotara wa Cape Town aliyehamia Uingereza kwa sababu kwao asingeweza kuchezea taifa, alipiga mikimbio 158 kwa England dhidi ya Australia. Kila mtu alitarajia atakuwemo kwenye ziara ya Afrika Kusini. Akaachwa. Kelele zikawa kubwa, mwenzake mmoja akaumia, D'Oliveira akaitwa. Waziri Mkuu wa Makaburu, John Vorster, akasema timu hiyo haitapokelewa. Ziara ikafa.

Mwaka 1970 ilikuwa zamu ya Afrika Kusini kuzuru Uingereza. Vijana wakiongozwa na Peter Hain walitishia kuvamia kila uwanja. Lord's, uwanja ambao wapenda kriketi wanauona kama Makka yao, ulizungushiwa seng'enge kulinda nyasi. Huddleston, sasa Askofu wa Stepney mashariki ya London na mmoja wa viongozi wa vuguvugu la kupinga ubaguzi, alikuwa upande wa waliotaka ziara isifanyike. Mwezi Mei serikali ya Uingereza ikaomba ifutwe, na ikafutwa. Hapo ndipo ilipoanza ile miaka 21.

BEI ALIYOLIPA BAYI

Silaha hii haikuwaumiza Makaburu peke yao. Watanzania wanalijua hilo kuliko wengi.

Februari 2, 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuwepo John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ikawa inasubiri marudiano yao kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini mwaka huo, na Afrika ikataka New Zealand iondolewe kwenye michezo. Haikuondolewa. Zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikushiriki, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu. Bayi hakuwepo.

India nayo ilikuwa imelipa. Mwaka 1974 ilifika fainali ya Kombe la Davis, kombe kubwa la tenisi kwa mataifa. Mpinzani alikuwa Afrika Kusini. India ikakataa kucheza, na kombe likaenda kwa Makaburu bila mpira kupigwa.

Ndiyo maana hoja ya Huddleston haikuwa rahisi kama ilivyosomeka kwenye kitabu. Mchezaji ana miaka michache tu ya kuwa bora, na ikipita imepita. Bayi alipata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, lakini marudiano ya Montreal hayakurudi. Upande wa pili wa mizani walikuwepo wachezaji weusi wa Afrika Kusini, vizazi na vizazi, ambao hawakupata hata hiyo miaka michache.

Huddleston hakuyumba. Kuanzia 1978 hadi 1983 alikuwa askofu kule Mauritius, na mwaka 1981 akawa rais wa vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi. Chini ya urais wake kampeni ya kumtoa Nelson Mandela jela ikawa ya dunia nzima. Juni 11, 1988, Uwanja wa Wembley ulijaa kwa tamasha la kutimiza miaka 70 kwa mfungwa huyo, likaonyeshwa kwenye televisheni nchi nyingi. Mandela alitoka Februari 11, 1990, na miezi miwili baadaye alisimama mwenyewe pale Wembley.

MLANGO UNAFUNGULIWA CALCUTTA

Sheria za ubaguzi zilipoanza kufutwa, vyama vya kriketi vya weusi na Wazungu vikaungana, na Julai 1991 Afrika Kusini ikarudishwa kwenye kriketi ya dunia. Pakistan ilipofuta ziara yake India, nafasi ikapatikana ghafla. Waafrika Kusini wakaalikwa.

Kwamba walipelekwa Eden Gardens ilikuwa na maana yake. Uwanja huo ulianza mwaka 1864 kando ya mto Hooghly, Waingereza wakicheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1934 India ilicheza hapo dhidi ya England ikiwa bado koloni. Mwaka 1977 Pele alikanyaga nyasi hizo akiwa na New York Cosmos, wakatoka sare ya mabao 2-2 na Mohun Bagan. Mwaka 1980 mashabiki 16 walikufa hapo kwenye dabi ya Mohun Bagan na East Bengal, ile Simba na Yanga ya Calcutta. Mwaka 1987 ulipokea fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Baadaye ulijengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2011, viti vikapungua hadi chini ya 70,000.

India ilikuwa nchi ya kwanza kuvunja biashara na Afrika Kusini, mwaka 1946, kwa sababu ya ubaguzi. Sasa ikawa ya kwanza kuifungulia mlango wa kriketi.

Soka ikafuata. Julai 7, 1992, Doctor Khumalo alifunga penalti Durban, Afrika Kusini ikaifunga Cameroon 1-0. Februari 3, 1996, mabao mawili ya Mark Williams yakaizamisha Tunisia, na nchi iliyofukuzwa Khartoum mwaka 1957 ikachukua Kombe la Mataifa ya Afrika nyumbani kwake, na timu yenye watu wa rangi zote.

ORLANDO NA KWA MKAPA

Huddleston aliiona Afrika Kusini tena mwaka 1991, baada ya miaka 35. Alifariki Aprili 20, 1998, kule Mirfield, akiwa na miaka 84. Majivu yake yalipelekwa Sophiatown, kwenye kanisa la Kristo Mfalme alilolitumikia, moja ya majengo machache yaliyopona tingatinga za 1955. Siku aliyofariki, rais wa Tanzania alikuwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi.

Aprili 17, 2022, Simba iliikaribisha Orlando Pirates kwenye uwanja wenye jina la Mkapa, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Shomari Kapombe akafunga kwa penalti, 1-0. Wiki moja baadaye Simba ilikwenda Orlando, Soweto, ikafungwa 1-0 na kutolewa kwa penalti. Mashabiki waliumia, wakamlaumu huyu na yule, kama kawaida ya mpira.

Kufungwa Orlando kunauma. Ila kuna miaka mingi ambapo hakuna timu ya Tanzania ingekwenda Orlando kufungwa, na hakuna timu ya Orlando ingekuja Dar es Salaam. Mechi ya namna hiyo ilibidi kwanza ikataliwe, ili siku moja ichezwe na watu walio sawa. Aliyelisema hilo mapema, kabla halijawa jambo la kupigiwa makofi, alikuwa padri wa Orlando aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi.